Picha ya Theluji ya Mama Mukantwari

Viateur hajawahi kufika hata Kampala, lakini sebule nyingi za mtaa wa Himbi zina Japani aliyoichora yeye. Watu wa mashirika ya misaada wanampenda kwa picha hizo: milima, mawimbi, akina mama wenye kanzu za mikono mipana. Huko kwenyewe, wanasema, huchapwa kwa mbao zilizochongwa, kila rangi na ubao wake. Viateur hana mbao wala hana muda. Ana brashi, rangi za maji na jicho kali, na hata zile herufi za pembeni, ambazo hajui zinasema nini, huzinakili moja moja kama mtoto anayeogopa fimbo ya mwalimu.

Kazi alijifunzia kwenye vibao vya saluni na maduka ya dawa, na desturi za wachora vibao hakuziacha. Picha ikija, anapaka gundi ya unga wa muhogo juu ya kipande cha triplex, ule ubao mwembamba wa kiwandani, anailaza picha hapo inyooke, kisha anachukua rula na kalamu ya bic nyekundu na kuikata miraba. Mraba wa picha, mraba wa nakala, hukosei. Miaka kumi na tano picha zote zilizomfikia zilikuwa kurasa za kalenda au karatasi za mashine, na ukimaliza unazitupa. Kwa hiyo mikono yake haikuzoea kuuliza.

Ndipo Mama Mukantwari, mjane kutoka Masisi anayekaa mtaa wa Katindo, hatua chache kutoka karakana ya Viateur, alipoleta picha yake. Mwanamke mwenye mwavuli, mto wa bluu, theluji ikianguka. Marehemu mumewe, mzee Hitimana, alikuwa dereva wa daktari mmoja Mjapani, na daktari alimwachia picha hiyo siku ya kuondoka. Sasa binti yao Umugwaneza alikuwa anaolewa Kisangani, na mama alitaka aende na nakala yake. Ile yenyewe irudi, alisema, tena akasema mara mbili. Viateur aliitikia huku akitafuta rula.

Alipofika mraba wa mwisho ndipo aliposhtuka. Aliinama kuzifuata zile herufi, akaona rangi haikukaa juu ya karatasi kama ya mashine. Ilikuwa imezama ndani, na kuzunguka mwavuli karatasi ilibonyea kidogo pale ubao ulipoikandamiza. Haikuwa nakala ya nakala. Ilikuwa yenyewe, na juu ya uso wa yule mwanamke ilipita mistari miwili ya bic.

Alijaribu kuibandua kwa maji. Pembe moja ikaloa, bluu ikaanza kukimbia, karatasi ikachanika na chini yake pakaonekana weusi kidogo, kama uchafu wa gundi, akaacha. Moyo ulimwambia aende akaseme. Lakini alijua pia kwamba macho ya mama yule yana ukungu miaka miwili sasa, na hapo shetani hakupata kazi kubwa. Akachora nakala mbili badala ya moja. Ya pili aliichora kwenye karatasi nyembamba, akaipitisha kwenye maji ya majani ya chai mpaka ikazeeka. Kama aliwahi kuchora kitu kizuri kuliko hicho, hakuna aliyekiona. Akampelekea mama zote mbili, hii ya binti, hii yako, na mama akaikumbatia ile ya uongo na kumshukuru Mungu.

Tangu hapo Viateur alianza kupita njia ya nyuma ili wasikutane. Alimtumia samaki wa ziwani kutoka Vitshumbi, akamtengenezea kiti kilichovunjika, na mama naye akazidi kumsifu kwa majirani kwamba Katindo nzima kuna mtu mmoja tu. Kila sifa ilimchoma. Ile picha ya kweli, juu ya triplex yake, aliigeuza ikatazama ukuta.

Wiki moja baada ya harusi mama akamwita nyumbani. Alikuwa ameitoa picha kwenye plastiki, ameishika kwa mikono miwili. Alisema nyumba imekuwa kimya tangu binti aondoke, na kwamba ana jambo ambalo hakumwambia hata Umugwaneza.

“Muzee, mbele ya kufa, aliniandikia maneno nyuma ya iyi foto. Mi sikusomaka. Na sikutaka mutu anisomee, kwa sababu wakinisomea, atakuwa amemaliza kusema. Miaka ine nimeyachunga. Leo unisomee, Papa Viateur.”

Viateur aliipokea, akaigeuza. Nyuma hapakuwa na kitu ila rangi ya chai. Angeweza kubuni. Maneno mazuri ya mume kwa mke si magumu kuyapata, na mama asingejua. Lakini ulimi uligoma.

“Mama, hapa hakuna maneno,” alisema, akitumaini kwamba yaliyobaki yatatoka yenyewe.

Hayakutoka. Mama alishusha mikono mapajani.

“Basi alinidanganya,” alisema polepole. “Aliona ninalia, akanituliza kama mutoto.”

Hilo Viateur hakuliweza. Alikuwa amemwibia mama picha, na sasa alikuwa anamwibia na mume. Alipiga magoti kwenye sementi akasema yote: gundi, bic, maji, chai. Alisema mzee hakudanganya, kwa kuwa pale pembe ilipochanika kulikuwa na wino mweusi chini yake, naye alidhani ni uchafu wa gundi. Maneno yapo, alisema, ila hakuna mtu atakayeyatoa tena. Aibu ilimfanya aongee na sakafu.

Mama aliuliza jambo moja tu.

“Wakati wa kuibandika, haukuona hata neno moja?”

“Sikuigeuza, mama.”

Hakumfokea. Viateur angetoa chochote ili afokewe. Mama alimtuma tu akailete, na aliporudi na ile triplex, akaipokea, akapapasa uso uliokatwa miraba, akailaza kifuani, upande wa picha ukimgusa. Kisha akaokota ile nakala nzuri na kumnyooshea.

“Beba yako,” alisema.

Viateur akaichukua, kwa kuwa ilikuwa yake.