Jina Lililoshika Kitufe

Nilifuta neno moja kwenye programu ya binti yangu, na vifaranga wa mke wangu wakafia ndani ya mayai.

Mashine ya kuangulia ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Niliiunda mwenyewe kwenye gereji ninakofanya ufundi, jirani na nyumba yetu, kutokana na bodi ya friji bovu. Binti yetu, anayefanya kazi za kompyuta mji mwingine, akatuwekea grafu: mstari mwekundu wa joto unaotembea kwenye skrini, na chini yake kitufe cha kijani. Ukikibonyeza kwa kipanya, feni inazunguka na kutoa joto nje. Mke wangu aliacha kibarua chake cha miaka kumi na minne kwa ajili ya mashine ile. Mayai mia sita na arobaini, yote ya kuku wake, aliyapanga mwenyewe, kila moja akilitia alama ya penseli.

Shule niliacha darasa la sita, lakini sikuogopa kitu chenye sehemu. Binti alinifundisha kwa simu kubadili namba na rangi.

"Baba, wewe badilisha namba tu. Mengine niachie."

"Kwani nitaing'ata?"

"Wewe? Utaishusha vipande vipande kama injini."

Siku ya ishirini tangu mayai yaingie, asubuhi, niliishusha. Nilikuwa nikiongeza ukubwa wa maandishi, mama watoto ayaone vizuri, nikakuta mstari wa programu unaotengeneza kitufe. Mbele yake kulikuwa na jina na alama ya sawasawa. Nikalitafuta jina lile programu nzima, juu hadi chini. Halikutumika popote. Gereji, nati isiyoshika kitu ni uchafu. Nikalifuta, kilichobaki nikakiacha. Nikawasha, nikabonyeza kitufe mara mbili. Feni ikazunguka, ikazima. Nikaenda kazini nikipiga mluzi.

Yai la siku ya ishirini lina joto lake lenyewe. Aliye ndani amekua, anahema, anagonga ganda. Asubuhi ile ukisimama karibu ulisikia sauti zao, nyembamba kama mvua inayoanza kunyesha. Feni ndiyo iliyokuwa ikiwaokoa wasijichemshe.

Saa sita mchana mke wangu alinipigia. "Baba watoto, nimebonyeza, mstari haushuki."

"Subiri. Joto si taa, useme ukizima limezimika. Na usifungue mlango."

Kufungua mlango siku za mwisho hukausha ngozi ya yai, kifaranga akanasa. Nilikuwa nimemkataza mara mia, na kwa sauti kali ninayoijua. Akapiga tena. Nilikuwa chini ya lori, mafuta yananidondokea shingoni. "Mama watoto, niache nifanye kazi!" Akapiga mara ya tatu. Nilisikia tu kipanya kinabonyezwa, tak, tak, tak. Nikatoka mbio na ovaroli langu.

Nilimkuta amekaa juu ya ndoo, kidole bado kiko kwenye kipanya.

"Kipo," akaniambia. "Kinaonekana. Lakini ni kama nagonga nyumba iliyohamwa."

Nilifungua mlango. Joto lilinipiga usoni. Sikusikia kifaranga hata mmoja akilia.

Nilimpigia binti nikamweleza, akauliza, "Baba, ulifuta nini?" Nikamwambia. Akashusha pumzi.

"Grafu haimiliki kitufe, baba. Inajua tu pa kukiita mtu akibonyeza. Anayekishika kisipotee ni lile jina. Ukilifuta, hakuna anayekishika, na kompyuta inakifagia kama taka."

"Nilikijaribu. Kilifanya kazi."

"Haifagii papo hapo. Inafagia kwa wakati wake. Na mchoro wake haufutiki."

"Sasa mama yako alikuwa anabonyeza nini?"

"Picha. Kosa ni langu. Ningeandika pale, usifute."

"Ungeandika, ningefuta na maandishi," nikamwambia. Ilikuwa kweli.

Mke wangu alikuwa ameyasikia yote. Nilingoja anitukane, nilikuwa nimestahili, na matusi ningeyajua pa kuyaweka. Akafuta mikono kwenye kanga.

"Asubuhi ulikuwa unanikuzia maandishi?"

"Ndiyo."

"Nayaona vizuri," akasema, akaenda kutafuta boksi la kuwaweka vifaranga watakaotoka.

Walitoka thelathini na wawili. Mia sita na nane hawakutoka. Nilingoja siku mbili zaidi, kwa sababu yeye aliomba tungoje. Kisha nikayatoa mwenyewe, trei moja baada ya nyingine, kila yai na alama yake ya penseli. Yalijaza ndoo kumi na moja. Nilikwenda kuyamwaga nyuma ya gereji safari sita: tano za ndoo mbili mbili, na moja ya ndoo moja.