Wapangaji Elfu Arobaini

Fomu ile ilirudi kwenye meza ya Tohir mara mbili. Mara ya kwanza kompyuta iliikataa. Mara ya pili mkuu wa idara aliileta mwenyewe, kaishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya.

"Tohir-aka," alisema, akimwita kaka kwa heshima, "kuna mama mtaa wa Chinor anajenga bweni."

"Bweni la nani?"

"Hilo nawe ukamuulize. Hebu soma kipengele cha tisa."

Kipengele cha tisa kilitaka idadi ya watakaolala ndani ya jengo. Mbele yake, kwa wino wa buluu na mwandiko wa mtu aliyechapwa shuleni mpaka herufi zikanyooka, palikuwa na jibu: elfu arobaini, pengine wakazidi kidogo.

Jengo lenyewe lilikuwa la mita nane kwa tano.

Tohir alivua miwani, akaifuta, akasoma tena. Alikuwa afisa wa ardhi wa wilaya kwa miaka thelathini na moja, na bado mwaka mmoja tu astaafu. Alishaona watu wakiomba kibali cha kisima ndani ya makaburi na cha hamamu juu ya paa, lakini mji mzima ndani ya banda, hapana. Kibaya zaidi, kiwanja kilikuwa ndani ya mstari mwekundu. Mstari huo ulichorwa kwenye ramani mwaka uwanja wa ndege wa mkoa uliporefushwa, ukapita juu ya bustani za watu bila kubisha hodi. Ndani yake hakuna ruhusa ya kujenga pa kulala, ila vipimo vya siku tatu vionyeshe kwamba kelele haivuki kiwango.

Kisha akakuta kwamba mwombaji huyohuyo, Inobat binti Solih, ana faili la pili: malalamiko kwamba ndege ya saa saba kasorobo ina kelele kupita kiasi, na ombi kwamba mwezi wa tano ihamishiwe wakati mwingine.

Akachukua kifaa cha kupimia, akavaa kofia yake, akatoka.

Aliyemfungulia lango alikuwa Sarvinoz, mke wa mwana wa Inobat. Kidole kilikuwa mdomoni hata kabla hajamwona mgeni ni nani.

"Umejipaka manukato?" alinong'ona.

"Hapana."

"Kitunguu umekula?"

"Mama, mimi ni afisa wa ardhi."

"Hata ungekuwa waziri. Kitunguu umekula?"

Tohir alikumbuka sambusa ya tanuri aliyoila njiani. "Kidogo."

"Basi kaa hapo bustanini, unywe chai kwanza. Kinywa kitulie. Walio ndani hawapendi harufu."

Alikaa juu ya kitanda cha mbao chini ya mzabibu. Nyuma ya ukuta ilisimama safu ya miforsadi iliyokatwa matawi mpaka ikabaki kama ngumi zilizokunjwa. Inobat alitoka ndani akijipangusa mikono. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka sitini hivi, kilemba cha maua kichwani, na sauti yake ilikuwa ya chini kama ya mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Opa," alianza Tohir, kama anavyoitwa dada mkubwa, "hao wapangaji wako wako wapi?"

"Wanakula. Kesho watalala. Ndivyo nilivyoandika."

"Viwavi?"

"Viwavi wa hariri. Ulidhani nani? Wanajeshi?"

"Fomu inauliza watu, opa."

"Haikuandika watu. Imeandika watakaolala. Nimeisoma mara tatu, na miwani."

Tohir alifungua faili, akatazama. Kweli, neno watu halikuwepo. Miaka thelathini na moja, na hakuna aliyeligundua hilo.

"Ungeandika sifuri tu, kibali ungekuwa nacho tangu wiki iliyopita. Banda la kilimo, basi."

"Niandike sifuri, na wao wapo?" Inobat alimmiminia chai nusu kikombe, kama anavyomiminiwa mgeni anayetakiwa akae aongezewe. "Watu naweza kuwadanganya, ikibidi. Hawa siwadanganyi. Wanalala mara nne kabla hawajasokota, na huo usingizi wa mwisho ndio usingizi mkuu. Mwaka jana ndege ziliwapitia juu wakiwa humo, na theluthi hawakuamka."

"Labda ulikuwa ugonjwa tu."

"Labda. Ili nijue, nataka ukuta wa udongo, mnene hivi." Akaonyesha urefu wa mkono wake, kuanzia kiwiko hadi vidole, na zaidi. "Nyumba hii ya matofali inalia kama ngoma."

Tohir akaona heri aseme mapema. "Unajua umejifunga kamba mwenyewe? Nikikuta kelele ni nyingi, hujengi. Nikikuta kimya, malalamiko yako hayana miguu, ndege haihamishwi."

"Najua. Majirani wameshanicheka mpaka wamechoka."

"Sasa unataka niandike nini?"

"Utakachosikia."

"Mimi nasikia nusu," alisema Tohir, akagusa sikio la kushoto. "Hili lilikufa jeshini, kwenye majenereta."

Inobat alijiziba mdomo kwa ncha ya kilemba, mabega yakamtikisika. "Sarvinoz! Njoo uone! Serikali imetuletea mpima kelele wa sikio moja!"

"Kifaa kina masikio mazima," alisema Tohir, naye akajikuta anacheka kwa kunong'ona.

Viwavi walikuwa wamepewa chumba cha wageni, kile kizuri chenye dari ya kuchorwa. Wenye nyumba wenyewe walilala jikoni. Vichanja vilipanda ngazi tatu hadi karibu na dari, madirisha yalifunikwa shuka, na mwanga uliopenya ulikuwa wa rangi ya maziwa yaliyotiwa chai. Mwanzoni Tohir hakuona kitu isipokuwa majani. Kisha majani yakaanza kusogea.

Aliweka kifaa chake juu ya kigoda. Saa saba kasorobo ndege ilipita, vikombe vikagongana kabatini, namba zikapanda hadi desibeli themanini na tatu, zikashuka. Akaandika. Sheria ilimtaka akae hapo hadi saa kumi. Sarvinoz alimtandikia godoro jembamba kando ya ukuta, naye Tohir akajilaza ubavu, sikio lake zima juu.

Ndipo akasikia mvua.

Ilikuwa mvua ya taratibu, ile inayoanza bila upepo. Alitaka kuamka akaangalie kama gari lake lina dirisha wazi, kisha akaelewa kwamba ni midomo. Midomo elfu arobaini ikikata majani. Ilinyesha juu, ilinyesha pembeni, ikanyesha mpaka ndani ya sikio lililokufa, au ndivyo alivyoona. Tangu Lobar, mkewe, afariki miaka miwili nyuma, alikuwa akilala na redio imewashwa, maana ukimya wa nyumba yake ulikuwa na ncha. Huu haukuwa ukimya wala haukuwa kelele. Akafumba macho ili asikie vizuri.

Aliota yumo ndani ya kitu cheupe kilichokuwa kikisokotwa polepole kumzunguka, chembamba hivi kwamba mchana ulipenya. Hakuogopa. Upande wa pili wa uzi Lobar alikuwa akipekua jikoni, akiuliza chumvi iko wapi. Tohir alijua iko wapi. Ilikuwa nyuma ya birika, ilipokuwa siku zote, lakini hakuwa na haraka ya kujibu. Kila alipouliza, sauti ilikuwa ileile, haikuchoka wala haikusogea mbali, na uzi uliendelea kupita, mzunguko juu ya mzunguko.

Alipoamka, mtu alikuwa amemfunika mfarishi, na chai kando yake ilikuwa baridi.

"Umelala kwa saa tatu," alisema Inobat mlangoni, akiwa na mzigo wa matawi ya mforsadi begani. "Nikadhani umeingia usingizi mkuu."

"Nilikuwa kazini," alisema Tohir.

"Niliona. Ulikoroma kiserikali."

Siku ya pili mvua ilikuwa imekoma. Viwavi wote walikuwa wamesimamisha vichwa, wamekakamaa, elfu arobaini wakitazama juu pamoja kana kwamba kuna jambo waliloambiwa wasubiri. Watu wa nyumba walitembea na soksi. Sarvinoz aliosha vyombo kwa viganja, bila kugonganisha chochote. Ilipokaribia saa saba kasorobo, Inobat aliweka kiganja juu ya kichanja, kama mtu anayemshika mtoto bega kabla ya sindano.

Ndege ikaja. Themanini na sita. Dari ilitoa vumbi la rangi. Vichwa vyote vilitikisika mara moja, vikatulia, na Tohir, asiyejua lolote kuhusu viwavi, aligundua kwamba na yeye amebana pumzi.

"Mungu aila..." alianza, lakini Inobat alimkatiza.

"Usiilaani. Ndiyo iliyompeleka mwanangu kazini Kazan, ughaibuni, mwezi wa pili. Ndiyo itakayomrudisha." Hakuondoa mkono. "Nataka tu ichelewe kidogo. Mwezi mmoja tu, kila mwaka. Ni mengi hayo?"

Tohir aliandika themanini na sita, akaipigia mstari.

Siku ya tatu vumbi la jangwani lilishuka bondeni. Jua likawa sarafu nyeupe, milima ikafutika, na uwanja wa ndege ukafungwa. Saa saba kasorobo ilipita kama saa nyingine yoyote. Kifaa kilionyesha thelathini na tano. Mchana ule, mmoja mmoja, viwavi walianza kuvua ngozi, wakatoka wapya, wenye mikunjo na njaa. Inobat na Sarvinoz walitandaza majani, na Tohir, aliyekuwa na haki ya kukaa tu, akainuka akawapokeza matawi. Jioni ile mvua ilirudi chumbani, tone moja hapa, tone lingine kule.

Ofisini mkuu wa idara alipiga hesabu, akafurahi. "Wastani umepita chini ya kiwango! Mpe kibali, malalamiko tupa. Mafaili mawili kwa siku moja."

"Wastani umepita kwa sababu ya vumbi."

"Vumbi si kosa letu, aka."

Tohir angeweza kunyamaza. Badala yake alikaa siku mbili akiandika ripoti ya kurasa nne, yeye ambaye hakuwahi kuvuka ukurasa mmoja. Aliandika themanini na tatu, na themanini na sita, na thelathini na tano, na sababu ya kila moja. Kwenye kipengele cha tisa aliongeza kwa mkono wake: watu, hakuna; viumbe, elfu arobaini, wenye kulala mara nne. Akapendekeza kibali kitolewe kwa ukuta wa udongo, na ndege ichelewe.

Kamati ya wilaya ya watu watano ilicheka mpaka mmoja akatoka nje kunywa maji. Walipomaliza kucheka walitoa kibali, kwa sharti kwamba ukuta usipungue sentimita sitini. Malalamiko waliyakataa: ratiba ya ndege si mamlaka ya wilaya.

Tohir alimpelekea Inobat barua zote mbili. Alizisoma na miwani, ya pili akairudia.

"Kwa hiyo kelele ipo, ila haina mwenyewe."

"Ina mwenyewe, opa. Hakai hapa."

Vichanja sasa vilikuwa vimejaa vifukofuko vyeupe, vimeng'ang'ania matawi makavu kama theluji iliyosahaulika. Katika kila vichanja kumi, kimoja kilikuwa na viwavi wafu, weusi, waliolegea.

"Jumamosi tunakanyaga udongo," alisema akizikunja barua. "Mtaa mzima unakuja kusaidia. Miguu yako ni mizima yote miwili?"

Tohir alikuja. Alikunja suruali akaingia shimoni pamoja na watu kumi na wawili, udongo na majani ya ngano hadi magotini, baridi na laini. Sarvinoz alikuwa akiwasimulia harusi ya binamu yake, ambako mshenga alisahau jina la bibi harusi mbele ya wazee wote, na alikuwa amefika mahali mshenga anainuka, anakohoa, anasema, "Basi huyu binti yetu mpendwa..."

Ndege ikaja. Wote wakanyamaza midomo wazi, miguu ikiendelea kupanda na kushuka, wakati kivuli kinapita juu ya miforsadi na juu ya shimo na juu ya mabega yao. Hakuna aliyetazama juu ila Inobat. Ilipokwisha kupita, Sarvinoz alichukua sentensi pale alipoiacha, kama mtu anayeokota sindano aliyoiweka chini mwenyewe.

"...anayeitwa, anayeitwa..."

"Anayeitwa nani?" aliuliza Tohir, akakanyaga.