Mwaka wa Sufuri

Ofisini, kwenye wizara ya nishati, walimwita Bi Mistari, kwa sababu kila swali alilijibu kwa kuchora mistari ubaoni. Kwa miaka mitatu alikuwa ameshikilia kazi moja: kujenga modeli ya kompyuta yenye umeme wote wa nchi, mafuta, magari, viwanda na majiko, ili ioneshe ni mwaka gani nchi itaacha kabisa kuongeza hewa ukaa angani. Wenzake waliuita mwaka wa sufuri. Modeli ilikuwa imeshautaja: elfu mbili na hamsini. Mkurugenzi aliupenda mwaka huo hata akauweka kwenye hotuba ya waziri, itakayosomwa Alhamisi.

Jumapili Bi Mistari alikwenda kumjulia hali mama yake. Jikoni alikuta jiko la umeme alilomnunulia limefunikwa kitambaa, juu yake vimepangwa vikombe. Pembeni jiko la mkaa lilikuwa limekolea moto.

"Mama, hili limeharibika?"

"Halina hata mkwaruzo. Asubuhi nachemshia chai. Jioni ndiyo halinifai."

"Lina nini jioni?"

"Si wewe bingwa wa umeme? Kaa hapo saa kumi na mbili ujionee."

Akakaa. Saa ilipofika, taa ya jikoni ikafifia. Mama akaondoa vikombe, akawasha jiko la umeme na kuteleka sufuria ya maji. Robo saa ikapita, maji hayakutoa hata mvuke.

"Mtaa mzima tumenunua majiko haya," mama alisema. "Tukiwasha kwa pamoja, transfoma inalemewa. Juzi ilizima kabisa, maharage yangu yakabaki nusu mabichi. Basi tumegawana: upande ule wa barabara wapikie umeme, sisi mkaa."

Bi Mistari alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Ndani ya modeli, umeme wa kupikia ulikuwa umegawanywa sawasawa kwa saa zote ishirini na nne, kana kwamba watu huinjika maharage saa nane za usiku. Yeye mwenyewe ndiye aliyeugawa hivyo mwaka wa kwanza, kwa kukosa vipimo, akajiambia atarudi kurekebisha. Hakurudi.

Jumatatu aliomba shirika la umeme limpe vipimo vya saa kwa saa vya mitaa minane, akaviingiza. Jumatano asubuhi modeli, ikijua sasa kwamba jioni umeme hautoshi na watu hurudia mkaa, ikatoa jibu jipya: elfu mbili hamsini na nane.

Alipompelekea jibu hilo, mkurugenzi alifunga mlango kwanza.

"Dada, unanimaliza. Hotuba ni kesho! Nani mwingine ameliona kosa hili?"

"Bado hakuna. Lakini ni langu, na nimeliandika ukurasa wa kwanza wa ripoti."

"Ukurasa huo utoe, tutaurudisha mwezi ujao."

"Ukitoka ukurasa, na jina langu litoke."

Mkurugenzi alisonya, akazunguka meza, akakaa. Sauti ikashuka. "Na tukianza na hizo transfoma za mitaani?"

"Zikibadilishwa mapema, na tukaweka betri za kusaidia jioni, tunafika hamsini na mbili. Hamsini siwezi kukuahidi."

Ukurasa ulibaki, na Alhamisi waziri alisoma hotuba isiyotaja mwaka wowote. Magazeti yakamsakama wiki nzima kwa kukwepa kuutaja, na lawama zikateremka ngazi kwa ngazi hadi kwenye meza ya Bi Mistari. Akavuliwa uongozi wa kikosi cha modeli, ukapewa mwenzake ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Lilimuuma, hakuna kuficha. Lakini transfoma za mitaani zikaingia kwenye mpango wa mwaka uliofuata, kabla ya mitambo mikubwa ya umeme wa jua, na yeye akapangiwa kuzunguka miji yote akiuliza watu wanapika saa ngapi.

Nyumba ya kwanza aliyobisha hodi, mwenye nyumba alimtazama juu hadi chini.

"Serikali imekutuma kuniuliza hilo?"

"Hilo hilo, shangazi," alisema, akatoa kalamu.