Kondoo Aliyeachwa Bustanini

Kila mara Kikundi cha Upendo cha kanisani kilipotoka matembezi, Mkunga alirudi nyumbani amechoshwa na watu kuliko alivyochoshwa na safari. Walimwita Mkunga ingawa alikuwa amestaafu. Watoto wengi wa kikundi kile walipokelewa na mikono yake, kwa hiyo hapakuwa na mama mle ndani aliyeweza kumtambia utakatifu. Alikuwa amewasikia, uchungu umekolea, wakiwaporomoshea waume zao matusi ambayo hata vijiweni hayasikiki. Sasa walivaa sare za kitambaa kimoja na kuitana "mpendwa".

Aliendelea kwenda kwa ajili ya mkwe wake. Mke wa mwanawe aliamini kwamba mjane akikaa sana ndani huota ukungu kama mkate, basi kila tangazo la matembezi lilipotoka, alimpigia sare pasi na kumsindikiza mpaka barabarani, kama mtoto anayepelekwa shule.

Safari hiyo walikwenda kwenye bustani kubwa ya miti nje ya mji. Mada ya siku, alitangaza Mwenyekiti, ni "Tuutunze Uumbaji". Mwenyekiti alikuwa na duka la mabati na saruji, na sauti yake ilikuwa ya dukani hasa. Hata alipoomba, ungedhani anamshawishi Mungu achukue mzigo mzima kwa bei ya jumla. Mke wake alikaa mbele kwenye basi, na kikapu chake kikakalishwa kiti cha pembeni kama mgeni rasmi. Mkunga, na magoti yake yale mabovu, alisukumwa nyuma kabisa, juu ya gurudumu, akarushwarushwa njia nzima.

Walipofika waliomba, wakapiga picha. Wakaipiga tena, maana katika ile ya kwanza mke wa Mwenyekiti alikuwa amefumba macho. Yakafuata mahubiri, kisha chakula, na hapo ndipo ilipoonekana kwamba hata upendo una madaraja. Wanakamati walikaa kivulini kwenye viti, wengine wakatandaziwa mkeka juani. Aliyegawa kuku alikuwa binti ambaye Mkunga mwenyewe ndiye aliyemkata kitovu. Binti akachota paja, akainua macho kuona ni sahani ya nani, akalirudisha paja sufuriani na kumtilia shingo. Tena kwa tabasamu. Mkunga hakuwa mlafi wa kuku, lakini tabasamu lile lilimkaa kooni kuliko mfupa.

Mwenyekiti aliposimama kuhubiri kwa mara ya pili, kuhusu unyenyekevu, Mkunga aliinuka taratibu akaenda kukaa kwenye benchi nyuma ya mianzi. Palikuwa kimya. Akavua viatu. Alikaa huko muda mrefu, akisikia kwa mbali wimbo, kisha makofi, kisha vyombo vikikusanywa. Mwishowe basi likapiga honi. Likapiga tena. Halafu injini ikanguruma, na ngurumo ikayeyuka barabarani.

Aliporudi kwenye nyasi alikuta chupa tupu na sahani za karatasi zimetapakaa kila upande. Uumbaji ulikuwa umetunzwa. Mama mmoja mfanyakazi wa bustani alikuwa anazoa taka kwa reki, akaiona ile sare, akamtazama toka juu mpaka chini.

"Wenzako wameondoka," alisema. "Ni watu wa dini hawa?"

"Wa dini."

"Nilijua. Walevi wana aibu, chupa zao huokota wenyewe."

Mkunga akainama kuokota pamoja naye. Simu na pesa zake vilikuwa kwenye mkoba, na mkoba ulikuwa ndani ya basi. Yule mama akamwombea lifti kwenye gari lililokuwa linapeleka miche mjini. Akapanda mbele na dereva, mtu asiye na maneno mengi, aliyekwenda polepole kila penye shimo, haijulikani kama alihurumia miche au magoti ya abiria wake.

Nyumbani mkwe alimpokea mlangoni na simu mkononi. Ujumbe wa Mwenyekiti ulikuwa umeshafika, na picha juu yake: wamefika wote salama, Bwana hakupoteza hata mmoja. Mkwe aliposikia yaliyotokea alitaka kumpigia palepale ampashe. Mkunga akamzuia.

"Lakini mama, honi hukuisikia?"

"Niliisikia."

"Sasa mbona hukuja?"

"Nilitaka nione nani atakuja kuniita."

Mkwe alikwenda kumchemshia maji ya kukanda miguu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kumbe usiku mkoba ulikuwa umeonekana ndani ya basi, na Mwenyekiti alikuwa ameshatengeneza hadithi yake. Alisimama mbele ya kanisa zima akaeleza jinsi shetani alivyotaka kuwanyang'anya mama yao mpendwa, jinsi kamati ilivyopiga magoti bila kujali uchovu, na jinsi kondoo aliyepotea alivyorudi zizini. Watu wakashangilia. Mke wake akajifuta jicho ambalo halikuwa na chozi. Kisha Mkunga akaombwa asimame amshuhudie Bwana.

Akasimama. Mkwe wake, aliyekaa naye, akamshika ncha ya nguo.

"Kondoo wa kwenye Biblia alifuatwa," alisema Mkunga. "Mimi nimeletwa na dereva wa miche."

Halafu mtu mmoja wa nyuma akasema ameni, wa pembeni yake akaipokea, na mara jengo zima likawa linaitikia. Mpaka ibada inakwisha, dereva wa miche alikuwa ameshakuwa malaika. Mkunga alikuwa amewatupia jiwe, wao wakalidaka kama mkate. Alidhani angekasirika, lakini hasira haikuja. Hasira ni ya mtu unayemtarajia jambo, naye kwa watu hawa hakutarajia tena hata shingo ya kuku.

Mlangoni mke wa Mwenyekiti alimrudishia mkoba na kumnong'oneza kwa upole kwamba siku nyingine ajitahidi kukaa karibu na wenzake, maana alimpandisha Mwenyekiti presha. Mkunga akapokea mkoba, akahakikisha simu imo, akashukuru.

Njiani mkwe alilia kwa uchungu kuliko mwenye kuachwa. Aliuliza kama itawabidi watafute kanisa jingine. Mkunga akamwambia hapana, watasali palepale, Mungu hana kosa. Kikundi ndicho hatakanyaga tena.

Wiki iliyofuata kamati ikamjia nyumbani kumbembeleza, na kumpa cheo kipya cha mlezi wa matembezi. Aliwakaribisha, akawapa chai, akawaacha wamvishe kilemba cha ukoka mpaka wakachoka. Mwenyekiti aliomba sala ndefu. Ameni ilipotoka, Mkunga alikuwa ameshawafungulia mlango.