Magunia Mawili ya Maharagwe

Kufikia saa moja asubuhi foleni ilikuwa imeshapangwa mbele ya ofisi ya kiwanja cha ndege cha Kalembe, ila haikuwa na mtu hata mmoja. Ilikuwa foleni ya vitu. Mbele kabisa kilikaa kikapu cha Mama Dorothée, chenye kuku wawili waliofungwa miguu. Cha pili kilikuwa bakuli la bati la Anastasie, la buluu, lililobanduka rangi ukingoni. Nyuma yake ilifuata biblia ya katekista Faustin, imefunikwa kwa jani la mgomba isilowe. Wenyewe walijibanza chini ya paa wakikwepa manyunyu. Ndivyo watu wa vilima hivi walivyozoea kupanga foleni, kwenye zahanati na hata kwa padri siku ya maungamo: unaweka kitu chako kikusimamie, na hakuna mwenye haya anayekisogeza.

Anastasie alikuwa na mimba ya miezi minane na siku kadhaa. Miguu ilimvimba, kwa hiyo aliegemea ukuta huku macho yake hayatoki kwenye lile bakuli. Ndani ya khanga yake alikuwa amefunga barua ya muuguzi wa zahanati ya Kashuga. Hakujua kusoma, lakini alikuwa ameisikia ikisomwa mara tatu na aliijua kwa moyo: mtoto amekaa vibaya, mama apasuliwe Goma kabla uchungu haujaanza. Watoto wawili alikuwa ameshawazika nyuma ya nyumba, wote wawili baada ya siku mbili za uchungu uliomwacha yeye mwenyewe nusu mfu. Daraja la barabara ya Goma lilichukuliwa na maji tangu Pasaka, na huu ulikuwa mwaka wa 1968, serikali ikiendelea kuahidi mbao. Ndege ilikuja Alhamisi tu. Muuguzi alihesabu kwa vidole, akasema Alhamisi ijayo itakuwa imechelewa.

Mume wake, Damascène, alikuwa kule uwanjani na ng'ombe. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Uwanja wenyewe ulikuwa wa nyasi, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kuzifyeka, walifyeka ng'ombe kwa meno. Siku ya ndege, mngurumo ukisikika nyuma ya mlima, Damascène alipiga mluzi na kutikisa kibuyu chake cha chumvi, na ng'ombe wakamfuata hadi pembeni, pembe zao ndefu zikiyumba. Hawakumsikiliza mtu mwingine yeyote. Msimamizi wa kiwanja, Léonard, alijaribu siku moja kuwafukuza kwa fimbo, akajikuta juu ya pipa la mafuta, na habari hiyo ilifika Masisi kabla yake.

Saa mbili na nusu likaja lori. Kabla hata halijasimama sawasawa, redio ilikuwa imeshafika: mtambo mdogo wa betri, uliofunguliwa hadi mwisho, ukipiga muziki wa Kinshasa. Nyuma ya redio alishuka Papa Edmond, mfanyabiashara wa Masisi, mtu mnene aliyevaa suti, ambaye hakuna ofisi aliyowahi kuingia kwa kupiga hodi. Dereva wake alichukua sanduku la ngozi, akaliweka mbele ya kikapu cha kuku. Nafasi haikutosha, akarudisha kikapu nyuma na kusukuma bakuli la Anastasie kwa mguu. Likabingirika, likagota ukutani.

"Papa, ile ni nafasi ya muntu," alisema Mama Dorothée. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti iliyozoea kuvuka bonde.

"Muntu iko wapi? Miye ninaona sahani tu," alijibu Edmond. Akakaa kwenye benchi la pekee lililokuwapo, akanyoosha miguu hadi mwisho wake, redio kando. Katekista Faustin, aliyekuwa ameketi pembeni ya benchi hilo, alisimama mwenyewe na kuomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Dereva akashusha pia magunia mawili madogo ya maharagwe, akayatupa mlangoni kabisa. Kila aliyeingia ofisini ilimbidi ayaruke, na Anastasie, kwa tumbo lake lile, alilazimika kuyazunguka huku ameshika fremu ya mlango. Hakuna aliyemwambia pole. Hasira ilimpanda, lakini aliimeza. Mtu anayehitaji kitu ofisini hujifunza kumeza.

Léonard alipima. Mizani yake ilikuwa ile ya kupimia kahawa, na ndege ile ndogo haikutaka mchezo na uzito, kwa hiyo abiria alipimwa pamoja na mzigo wake kama gunia lolote. Mama Dorothée na kuku wake walikuwa kilo sabini. Faustin, na biblia, sitini na sita. Anastasie alipanda na furushi lake la nguo. Léonard alisogeza jiwe la mizani mbele, akalirudisha nyuma, akamtazama tumbo.

"Sitini na mbili. Hapa munapanda wawili lakini tiketi iko moja."

Dereva alicheka. Anastasie alitazama chini. Léonard akaandika jina lake kwa penseli, na kwa mara ya kwanza tangu alfajiri Anastasie akashusha pumzi.

Kisha akapanda Edmond, mizani ikalia. Kilo mia moja na nne. Sanduku, thelathini. Magunia, thelathini na moja kila moja. Léonard alijumlisha, akakuna kichwa, akajumlisha tena. Edmond akaingia ofisini akafunga mlango. Redio ilibaki nje kwenye benchi, ikiwaimbia wote, kwa hiyo hakuna aliyesikia walichozungumza. Mlango ulipofunguliwa, Léonard alikuwa ameshika kifutio. Orodha ilikuwa imeandikwa upya, safari hii kwa wino, na chini yake kulikuwa na muhuri ambao ulikuwa bado unameremeta.

"Mama, weye utasafiri Alhamisi ingine," alisema bila kumtazama Anastasie. "Ndege imeyaa."

Anastasie alimsogelea hadi karibu. Akafungua khanga, akatoa barua. "Chefu, soma kwanza. Munganga alisema leo. Alhamisi ingine miye nitakuwa kwa makaburi."

"Miye siko munganga. Miye niko na kilo."

"Na ile maharagwe?" aliuliza Mama Dorothée. "Ile nayo iko na mimba?"

"Ile ni ya harusi," alisema Edmond, akizungusha kitufe cha redio. "Bwana mukubwa wa serikali anaoza mutoto wake kule Goma. Batu bananingoja."

"Lisiti imekwisha kupigwa tampo," alisema Léonard, akiinua ile orodha. "Kintu ya tampo haibadilike." Alisema hivyo kwa unyenyekevu, kama mtu aliyekuta muhuri umepigwa na Mungu.

Hapo ndege ikasikika nyuma ya mlima. Damascène akapiga mluzi, akatikisa kibuyu, ng'ombe wakaondoka uwanjani mmoja baada ya mwingine, na ndege ikatua ikirusha matope. Rubani, Mzungu mwembamba mwenye koti la mvua, aliruka chini akaanza kutazama mawingu kabla hajasalimu mtu. Alijulikana kwa hilo. Saa sita mchana milima ilijifunika, na ndege iliyokuwa bado chini ililala chini.

Wabebaji walipakia sanduku na magunia. Anastasie aliuzunguka uwanja kwa pembeni, taratibu, hadi aliposimama mumewe. Hakulia. Alimwambia tu maneno aliyoambiwa, moja baada ya jingine, akimaliza na lile la harusi. Damascène alikuwa mtu wa maneno machache, na wengi walidhani ni mjinga. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akavua koti lake, akalitandika juu ya jiwe.

"Kaa hapa," alisema. "Usisimame bure."

Akatembea hadi katikati ya uwanja, mbele ya pua ya ndege, hatua kama mia hivi. Akaketi kwenye nyasi. Akafungua kibuyu, akamwaga chumvi yote kwenye mawe bapa mawili yaliyokuwa hapo. Ng'ombe waliinua vichwa. Kwanza alikuja yule dume mweupe, kisha jike mwenye kengele, kisha wote thelathini, wakijisukuma kwa heshima kama Wakristo wanaokwenda kukomunika. Walilamba, wakasafisha mawe, na walipotosheka wakaanza kujilaza mmoja mmoja kumzunguka mchungaji wao, wakicheua.

"Damascène!" Léonard alipiga kelele. "Toa ng'ombe!"

"Zinapumuzika, Chefu."

"Mpaka saa ngapi?"

"Ng'ombe haina saa."

Wabebaji wawili walitumwa na fimbo. Walikaribia kwa ujasiri mpaka dume mweupe aliposimama, kisha wakakumbuka kuwa walikuwa na kazi nyingine ofisini. Edmond, aliyekuwa ameshapanda, alishuka kwenye ndege, akasimama matopeni na viatu vyake vya ngozi, akasema atamshitaki mtu kwa administrateta, mkuu wa serikali wa Masisi. Hakuna ng'ombe aliyeonekana kumjua administrateta. Mama Dorothée, aliyekuwa ameshakaa kwenye kiti chake na kuku miguuni, alitoa kichwa mlangoni akicheka mpaka machozi, na kicheko kile kilimfikia Anastasie pale kwenye jiwe. Naye akatabasamu kidogo, ingawa moyo ulikuwa unampiga mpaka mtoto alianza kurusha teke.

Wingu la kwanza liligusa kilele. Rubani alitazama saa yake, akatazama wingu, akamwendea Mama Dorothée.

"Mama, huyu anataka nini?"

"Hatake kintu. Ule mama pale kwa jiwe ni bibi yake. Munganga alimwandika apasuliwe Goma. Alikuwa na nafasi, alipimwa, aliandikwa. Balimufuta, baliweka maharagwe."

Rubani aligeuka polepole akamtazama Léonard. "Huyu mama ni kilo ngapi?"

"Sitini na mbili," alisema Léonard kwa sauti ndogo.

"Na maharagwe?"

Léonard alitazama karatasi, ingawa alijua. "Sitini na mbili."

"Shusha maharagwe."

"Bwana, lisiti imekwisha kupigwa tampo. Sina ruhusa ya kufuta. Ikifika Goma imefutwafutwa, njo miye nitafukuzwa kazi."

"Usifute basi," alisema rubani, akipanda. "Karatasi hairuki. Shusha."

Edmond alisema mengi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Alisema harusi, alisema serikali, alitaja majina. Wakati anaendelea kutaja, magunia yalishushwa yakawekwa miguuni pake. Aliambiwa achague kubaki nayo au kwenda, na akapanda. Mvua iliongezeka, na dereva akayaburuta hadi mlangoni mwa ofisi yasilowe, na safari hii akayaruka yeye mwenyewe.

Damascène alisimama, akatikisa kibuyu kilichokuwa hakina kitu. Ng'ombe wakainuka wakamfuata. Akaja kumshika mkewe mkono, akapita naye ukutani kuokota bakuli la buluu, akampa, akampandisha ngazi.

"Wiki ijayo usikuje kazi," Léonard alimwambia, hasira zote zimemrudia sasa kwa kuwa rubani hasikii.

"Sawa, Chefu. Na nyasi?"

Léonard alitazama uwanja, akatazama zile pembe ndefu, akarudi ofisini. Alhamisi iliyofuata Damascène alikuwa palepale.

Ndani ya ndege Edmond hakufungua redio. Kiti kilikuwa kidogo kwake, na goti lake liliingia upande wa Anastasie. Mama Dorothée alilisukuma bila kuomba ruhusa, akachukua mkono wa Anastasie akauweka mapajani pake. Ndege ikakimbia, ikaruka, na chini yao Damascène akawa mdogo, na ng'ombe wakawa wadogo, na mashamba ya maharagwe yakaonekana yote kwa pamoja, kilima juu ya kilima. Hapo ndipo Anastasie alipolia. Alilia kwa raha, bila kuficha, na hakuona haya.

Goma walikuta ofisa mwingine na meza nyingine. Alipokea ile orodha, akawahesabu abiria kwa kalamu. Dorothée, yupo. Faustin, yupo. Edmond alikuwa ameshapita bila kusimama, kama kawaida yake. Ofisa akamtazama Anastasie, akatazama karatasi.

"Weye hauko kwa lisiti."

"Niliingia kwa ndege, papa. Umeniona nashuka."

"Niliona. Lakini kwa lisiti hauko. Hapa kuko maharagwe, magunia mbili, kilo sitini na mbili. Iko wapi?"

"Ilibakia Kalembe."

"Haiwezi kubakia. Imepigwa tampo. Kama haikufika, inakuwa wizi, naandika raporo, na hakuna mwenye anatoka hapa mpaka polisi anakuya." Alikuwa amekwisha kufungua daftari. Hakuwa mkali. Alikuwa na sura ya mtu ambaye siku yake yote iko mbele yake.

Anastasie alisikia mgongo ukimkaza. Haukuwa uchungu bado, ila ulikuwa jirani yake. Alitazama mlango, na nje ya mlango barabara, na mwisho wa barabara paa jeupe la hospitali. Asubuhi hiyo alikuwa amesukumwa, amezungushwa magunia, amechekwa juu ya mizani na kufutwa kwa kifutio. Akaona kwamba limebaki neno moja tu la kumeza, na hilo halikuwa kubwa. Akaweka bakuli lake juu ya meza.

"Njo miye, papa," alisema, akijionyesha kwa kidole. "Njo miye ile maharagwe. Piga tampo, niende."

Ofisa alimtazama uso, kisha tumbo. Akachovya kalamu. Akaandika polepole, akisoma kwa sauti alichokuwa anaandika, kama maofisa walivyofundishwa: magunia mbili, imefika yote, haina hasara. Akapiga muhuri, akampa nakala yake.

Anastasie akaikunja pamoja na barua ya muuguzi, akachukua bakuli, akatoka kwenda hospitali.