Simu ya Kujaribu

Siku ile simu ya kujaribu haikupigwa.

Mume wangu alikuwa fundi wa kufunga intaneti majumbani, na hakuna nyumba aliyoifunga akatoka bila kunipigia. Ndivyo alivyofanya kazi. Akishapigilia waya, akaona taa za kisanduku zimetulia, aliunganisha simu yake na mtandao mpya wa mteja akanipigia mimi nyumbani kupitia mtandao huohuo. "Unanisikia, bosi?" aliuliza. Nami nilijibu, "Nakusikia, kibarua." Mteja alicheka, yeye akakusanya vifaa vyake, na mimi nikajua kazi imekwisha, naweza kutia unga sufuriani. Mafundi wengine walijaribu kwa kufungua video. Yeye alisema video inaweza kukudanganya, lakini sauti ya mtu unayemjua ikikwama hata kidogo utaisikia.

Siku ile niliweka simu juu ya kabati la vyombo kama kawaida. Maji yakachemka, nikaongeza mengine, nayo yakachemka. Mwishowe aliyepiga alikuwa Ngazi, mshirika wake wa kazi, tuliyemwita hivyo kwa urefu wake. Hakuniuliza kama namsikia. Alisema, "Shemeji, kaa chini kwanza."

Moyo wa mume wangu ulikuwa umesimama akiwa kazini, chumbani kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili, mwanamke anayeishi peke yake na kushona sare za shule na magauni ya harusi. Alishuka kwenye ngazi, akaketi juu ya robota la vitambaa, akaomba maji. Hayo ndiyo niliyoambiwa. Maji yake ya mwisho alipewa na mtu mwingine.

Msibani yule mwanamke alilia kuliko mimi. Mimi machozi yangu hutoka nikiwa peke yangu, nikifua. Yeye aliangukia mlangoni, wanawake wakamshika huku na huku, wakampepea kwa mtandio, wakampa pole. Nilimtazama nikajiuliza, huyu amefiwa na nani? Shangazi yangu aliyeketi kando akaninong'oneza, "Mwanangu, mwenzako anakuzidi kufiwa. Toa sauti basi, tusiaibike."

Watu wakasema yao, kama ilivyo kawaida ya watu. Mimi sikuyaamini. Nilimjua mume wangu, alikuwa mtu wa kuchoka mapema na kuvua viatu mlangoni. Wivu wangu ulikuwa wa namna nyingine, na sikumwambia mtu kwa sababu ungechekwa. Kila nilipokwenda dukani nilipita dirishani kwa fundi cherehani, na pale ukutani, juu ya cherehani, niliona taa za kijani za kisanduku zikiwaka. Mtandao wake ulikuwa mzima. Kwa mume wangu mtandao mzima ni ule uliojaribiwa. Sasa, kama hakunipigia mimi, alimpigia nani?

Swali hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ndipo likaja tangazo la serikali. Visanduku vya intaneti vilivyotengenezwa nje, vya aina iliyokuwa karibu katika kila nyumba, vilipigwa marufuku. Ilisemwa vina tundu la siri, kwamba kinachopita ndani yake kinaweza kunakiliwa na watu wa ng'ambo. Kila kaya ilitakiwa irudishe chake kwenye kituo cha kukusanyia na kufungiwa kipya chenye muhuri wa serikali.

Mtaa ukashikwa na homa. Watu wakaanza kunong'ona ndani ya nyumba zao wenyewe. Jirani yetu mmoja alikifunika kisanduku chake kwa blanketi, mpaka kikapata joto kikazima. Mwingine, mwenye duka la vipuri, alisema kwa sauti ili wote tusikie, "Yaani tunamfukuza mgeni anayechungulia dirishani, halafu tunamkaribisha mwenye nchi akae kitandani!" Wengine walicheka, wengine wakamwambia anyamaze.

Mimi sikuogopa. Naandika kama ilivyokuwa: niliona wivu. Kama wanayosema ni kweli, basi kuna mtu ng'ambo ana sauti ya mume wangu. Anazo simu zake zote za kujaribu, nyumba baada ya nyumba, "Unanisikia, bosi?", wala hajui bosi ni nani. Mimi sina hata moja. Nani hurekodi simu ya namna hiyo? Nilibaki na picha na shati la kazi, na shati nilikuwa nimeshalifua. Nilimchukia yule mtu wa ng'ambo kama vile nimemkuta barabarani amelivaa shati lile.

Ngazi alikuja asubuhi moja na gunia begani.

"Shemeji, nisaidie," alisema. "Visanduku tulivyofunga sisi, wateja wanataka tuje kuvitoa sisi. Lakini nikigonga hawafungui. Wamesikia kuna matapeli wanaojifanya maofisa, na sura yangu hii unaijua."

"Sura yako ina nini?"

"Ya mtu aliyekuja kuchukua kitu. Wewe wanakujua sauti. Kila nyumba umeshasikika."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikajifunga mtandio, nikamwachia binti yangu jiko, tukatoka. Chetu ndicho kilikuwa cha kwanza kuingia guniani.

Kweli, nilipobisha na kusema mimi ni mke wa fundi, milango ilifunguka. "Aa, bosi!" walisema. "Karibu, bosi." Mzee mmoja aliyestaafu ualimu alitukalisha, akamwuliza Ngazi kwa uso mkavu, "Hivi kinasikiliza kweli? Maana kama kinasikiliza, hao watu wa ng'ambo wameshachoka na mkoromo wa mke wangu." Mkewe akajibu kutoka jikoni, "Na wewe unayeongea usingizini? Wameshajua siri zako zote, wamekosa tu wa kumuuzia!" Ngazi alicheka hadi pini ikamdondoka. Ilikuwa pini nyembamba aliyoiingiza kwenye kitundu nyuma ya kisanduku na kuibana mpaka taa zizime, ili kila kitu kifutike kabla ya kuchomoa waya. Kila pini ilipoingia nilitazama pembeni.

Njiani nilimuuliza, "Kinasikia tunayosema chumbani?"

"Hakina masikio, shemeji. Kinapitisha kinachopita. Usipopiga simu, hakina habari nawe."

"Na mtu akipiga?"

"Akipiga, wakitaka, wanaweza kujua amempigia nani. Ndivyo wanavyosema, mimi sijawaona."

Basi yule mtu wa ng'ambo anajua pia simu ya mwisho ilikwenda kwa nani. Fundi cherehani anajua. Aliyepigiwa anajua. Asiyejua ni mimi niliyeolewa.

Tulipofika kwake Ngazi alisimama. "Hapa niingie peke yangu, shemeji."

"Hapa ndipo nilipokuwa naenda tangu asubuhi," nikamwambia, nikabisha mwenyewe.

Alifungua akiwa na pini za kushonea midomoni. Aliponiona alizitoa moja moja, akazichomeka kifuani kwenye blauzi.

"Karibu, dada," alisema.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Kulikuwa na gauni jeupe lisilo na mikono limetundikwa mlangoni, chupa ya vifungo, pasi ya mkaa. Robota la vitambaa lilikuwa pembeni, na nililijua bila kuambiwa. Sikuketi. Nilitazama ukutani, na kwa karibu nikaona kitu nisichokiona kutoka dirishani: kisanduku bado kilikuwa na nailoni yake nyembamba, ile ambayo kila mtu huibandua siku ya kwanza.

"Nani alijaribu mtandao huu?" nikauliza.

"Vipi, dada?"

"Alimpigia nani?"

Alimtazama Ngazi, kisha akanitazama mimi, na nadhani hapo akaelewa ni nini nilichobeba miezi yote ile.

"Hakumpigia mtu," alisema. "Haujajaribiwa."

"Unawaka. Nauona kila siku unawaka."

"Unawaka kwa sababu aliuwasha. Hakuumaliza. Alisema, 'Ngoja nipumue kidogo, halafu nipige nyumbani, mke wangu anasubiri.' Akaketi pale. Akaniomba maji. Nilipoleta maji..." Akaanza kulinyoosha kwa mkono gauni lisilo na mkunjo.

"Na wewe unatumia nini?"

"Bando, kama zamani. Wateja wananicheka, wanasema intaneti ipo ukutani na wewe unanunua bando, umerogwa? Lakini ningeanzaje, dada? Mwenyewe hakuniambia tayari."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuja. Nikaambiwa umelala. Nikaja tena, umelala."

Nilipaswa kufurahi. Mwiba ulikuwa umetoka: hakuna aliyepigiwa, na maneno yake ya mwisho yalikuwa juu yangu. Lakini wivu ukahamia mahali pengine. Mimi nilifua shati lake. Viatu vyake niligawa. Nyumbani kwangu sikuacha kitu hata kimoja kama alivyokiacha. Huyu mwanamke, aliyemjua kwa asubuhi moja, alikuwa ameishi chini ya kazi yake ambayo haijaisha, hata nailoni hakuigusa, na taa hakuizima. Hata kumkumbuka alikuwa amenizidi.

Ngazi alikuwa ameshapanda kwenye kiti, pini mkononi. "Shemeji, nifute?"

"Ngoja."

Nikamwambia akigeuze kisanduku, nikasoma neno la siri lililochapwa chini yake, nikaliingiza kwenye simu yangu. Hapakuwa na simu nyingine iliyowahi kuingia humo. Nilihakikisha kwa kumuuliza fundi cherehani tena, akaapa. Nikapiga nyumbani kupitia mtandao ule, kwa binti yangu, aliyekuwa na bando kwenye simu yake. Alichelewa kupokea.

"Mama? Umesahau nini?"

"Unanisikia, bosi?" nikasema.

Nilisikia mfuniko wa sufuria ukiwekwa mahali. Binti yangu amekulia jikoni mle, ameisikia simu ile tangu hajajua kusema.

"Nakusikia, kibarua," alijibu.

Sauti haikukwama hata kidogo. Ilikuwa kazi nzuri.

Fundi cherehani alikuwa akijifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare. "Dada," alisema, "naomba na mimi niseme naye neno moja tu. Nimpe pole. Tangu siku ile sijampa."

"Utamwona njiani," nikamwambia, nikakata simu.

Aliitikia kwa kichwa. Hakununa, hakuuliza kwa nini. Ngazi aliangalia ukuta kama mtu anayetafuta ufa. Mimi nilijua kabisa kwamba neno moja lisingenipunguzia kitu, na kwamba mtandao ule aliutunza yeye. Lakini simu ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeisubiri tangu maji ya kwanza yalipochemka, na sikutaka mtu mwingine apite humo baada yangu.

"Haya," nikamwambia Ngazi.

Akabana pini. Taa zikawa nyekundu, zikazima moja baada ya nyingine. Akachomoa waya, akanipa kisanduku nikishike wakati anashuka. Kilikuwa bado na joto. Nilitamani kukitia chini ya mtandio niende nacho, na Ngazi aliniona nikitamani.

"Kila kimoja kina namba kituoni, shemeji," alisema taratibu. "Kikikosekana hiki, watamfuata yeye hapa."

Nikakitia guniani. Alipolibeba begani visanduku vilijipanga upya kwa kishindo, na nilipochungulia sikuweza kukijua tena, maana nailoni ilikuwa imebanduka.

"Kipi ni chake?" nikauliza.

"Vyote ni vyake, shemeji. Vyote alifunga yeye."

Fundi cherehani alitusindikiza hadi mlangoni. Nilimuaga. Sikumwambia asante, ingawa neno lilikuwa mdomoni.

Sasa kwake kuna kisanduku cheupe chenye muhuri. Walikuja kukifunga vijana wawili wa ofisi ya serikali. Kilijijaribu chenyewe, taa ikawaka, akatia sahihi, wakaondoka. Anatumia intaneti, na bando ameacha kununua. Nyumbani kwetu kipo kama hicho. Hakuna anayepigiwa simu, na yangu nimeitoa juu ya kabati la vyombo.