Pampu Inayoamka Yenyewe

Mimi siviamini vitu vinavyojiendesha, na mume wangu Athuman analijua hilo. Lakini mgongo wake ulishagoma kubeba ndoo, na mwanetu Gregori alishasema kwenye simu kwamba miche yetu ya michungwa ikitushinda, atakuja na gari atuhamishie kwake Dar. Nikakae ghorofani nitazame nini? Nikamwambia Athuman afanye anavyojua, mradi tusitoke hapa kwetu Kwamndolwa.

Athuman ni fundi redio, ana kibanda chake Manundu. Akachukua kompyuta ndogo kama kipande cha sabuni, akaiwekea mfumo wa Linux, akaiunganisha na pampu ya tangi letu, akashusha programu kwa bando la simu yake, kisha akaandika kwenye faili saa ambayo pampu iamke imwagilie miche. Nilimuuliza maswali mpaka akacheka. Kwa nini skrini nyeusi? Kwa nini inadai nywila kila mara? Akasema mafaili ya mfumo hayaguswi ovyo, lazima mashine ijue wewe ndiye mwenye nyumba.

Wiki haijaisha, majani yakaanza kuungua. Jioni tukirudi, mimi sokoni, yeye kibandani, tunakuta tangi limepungua na udongo mkavu. Maji yanakwenda wapi? Athuman aliondoa programu zote akaziweka upya. Wapi, hali ileile. Mimi nilikuwa na jibu langu: jirani yetu Matayo, ambaye mchicha wake ulikuwa umestawi kupita kiasi. Nikasema mwizi huyu nitamkamata kwa mkono wangu. Kesho yake sikwenda sokoni, nikajibanza nyuma ya banda la kuku, jua linanichoma utosi.

Mchana kweupe, mipira ya maji ikakohoa. Pampu imeamka yenyewe, maji yanarukia majani kwenye jua lile kali. Matayo wa watu hata hakuwepo. Nikaduwaa, halafu nikampigia Athuman aje upesi.

Alipofika nikamwambia afungue hilo faili anisomee.

"Nimeandika kumi na mbili," akasema. "Saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali."

"Na hiyo mashine inaanzia wapi kuhesabu saa?"

Akainamia skrini tena. Anajua vizuri kwamba inaanzia katikati ya usiku, kwamba asubuhi yetu ile kwake ni sita, na kumi na mbili yake ni mchana wa jua la utosi. Anajua, fundi mzima! Ila mkono uliandika kile ambacho mdomo umezoea kusema. Akaweka nywila, akafuta, akaandika sita. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, maana nilikuwa nimeshaanza kuogopa.

Mwisho wa mwezi Gregori akaja kweli, na lori la kenta, na kamba za kufungia vitanda vyetu. Alilala kwetu. Asubuhi nilimkuta kasimama shambani, maji yanamwagika taratibu, anashikashika majani mapya. Baba yake alikuwa ndani bado anakoroma. Gregori akaniuliza nani kawasha pampu. Nikamwambia amuulize baba yake akiamka.

Walikaa mbele ya ile skrini nyeusi mpaka chai ikapoa. Gregori akatoka, akatazama kenta, akanitazama mimi.

"Mama, sasa hizi kamba nifungie nini?"

"Funga miche michache," nikamwambia. "Kapande hata kwenye ndoo huko ghorofani kwako."

Akafunga. Gari likaondoka na michungwa, sisi tukabaki. Nililia, na sioni haya kulisema.